Hodi Niliyoipiga Mkwaja

Ndugu zangu wa barazani, tangu nirudi mmekuwa mkiniita shujaa, na kila nikipita mnataka niwahadithie namna nilivyomwokoa Shangazi Riziki majini. Mara mbili nimewaponyoka kwa kusingizia kanzu ya mteja. Nimeona bora niandike, maana najijua: nikikaa mbele yenu na kikombe cha kahawa mkononi, ulimi wangu utaanza kupamba. Sikumwokoa mtu. Someni mpaka mwisho, kisha mtaamua wenyewe kama mtaniachia nafasi yangu pale kibarazani.

Safari yenyewe mnaijua ilitokana na nini. Hamidu, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa ameposa Mkwaja, na mshenga nilikuwa mimi. Barua ilishajibiwa kwa kheri. Tulikuwa tunapeleka mahari na sanduku la bibi harusi, tule chakula cha wakwe, tupange siku ya nikahi, turudi. Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu Mama Hamidu, na Shangazi Riziki, dada wa baba yangu. Huyu Shangazi ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa sijaanza hata chuo cha Kurani. Ana miaka sabini na kitu sasa, na magoti yanamsumbua.

Habari za kukodi gari na boti sitawachosha nazo. Nianze pale tulipoanza kuchelewa.

Ngamiani hadi Pangani

Nahodha alituambia tuwe Pangani saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, na yangeanza kutoka mapema. Saa kumi na mbili sisi tulikuwa bado hapahapa Tanga, Ngamiani, tunafukiza nguo.

Lawama ni yangu. Mwajua mimi ni fundi wa kanzu, na kanzu niliyovaa siku ile niliidarizi mwenyewe kwa miezi miwili, kola na kifua, na joho juu yake. Nilikuwa nimewaambia wale wanawake kwamba watu wa Mkwaja watatupima kabla hatujafungua mdomo, kwa hiyo tufike tunang'aa na kunukia. Mama Hamidu akafukiza udi. Nikasema haujakolea. Akafukiza tena. Halafu tukakumbuka halua imesahauliwa kwa mpishi, tukarudi.

"Saidi," Shangazi akaniambia garini, "wewe ndo waolewa au Hamidu ndo aoa?"

Mama Hamidu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebeba heshima ya ukoo, au ndivyo nilivyojiona.

Kutoka Pangani kwenda kusini barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Bodaboda zilikuwa zinapita kwa dua, lakini huwezi kumpakia mama wa miaka sabini, sanduku na sinia za halua kwenye bodaboda. Ndiyo sababu ya boti.

Pangani, kwenye chai

Tulifika saa mbili. Nahodha hakuwepo pale gatini, alikwenda kutafuta mafuta akidhani hatuji tena, basi tukakaa kwa mama mmoja anayeuza chai ya tangawizi na vitumbua. Alitutazama: mimi na joho langu, wale wawili na mabuibui mapya, sanduku katikati yetu, na nyuso zimekunjamana kwa sababu tulikuwa tumegombana njia nzima kuhusu ile halua. Akatupa chai bila kuombwa, akainamisha kichwa.

"Poleni sana kwa msiba," akasema. "Marehemu wenu alikuwa nani?"

Shangazi alitaka kumjibu akashindwa kwa kicheko. Ilibidi Mama Hamidu aeleze kuwa ni harusi. Yule mama naye akacheka, akatuongezea vitumbua viwili, akasema harusi yenye watu walionuna namna ile itadumu, kwa sababu hasira zote zimekwisha njiani. Vitumbua vyake vilikuwa vizuri kupita vya Ngamiani, mnisamehe.

Kisha Nahodha Mbwana akafika. Ni mtu mfupi, wa makamo, mwenye sauti ya chini. Aliangalia maji mtoni, akaangalia saa yake, akasema tumechelewa. Tukiondoka sasa, tutafika Mkwaja maji yamekupwa, na boti haitakaribia ufukwe. Bora tungoje hadi alasiri.

Nikamwambia haiwezekani. Wakwe wamechinja na wanatungoja. Mshenga akichelewa, neno lake limechelewa.

Akakubali, lakini kwa masharti. Akatoa majaketi ya kuokolea, yale ya rangi ya chungwa, akamfunga kila mmoja wetu kamba zote kwa mkono wake, na ile ya Shangazi akaivuta mara mbili kuona kama imekaza. Simu zetu akazitia kwenye mfuko wa nailoni akaufunga. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza nani anakunywa chai bila sukari:

"Nani kati yenu hajui kuogelea?"

Mama Hamidu akanyoosha mkono. Shangazi akasema, "Mie jiwe, baba. Nikitiwa, nazama."

Akanigeukia. Pale gatini palikuwa na wanaume saba au wanane wanatusikiliza. Mimi ni mwanamume wa Tanga, nina ndevu za mvi, nimevaa joho. Ningesema nini? Nyinyi hamkupata kujua, kwa sababu tangu utotoni kila mlipokwenda kuoga baharini mimi nilikuwa nakaa na nguo zenu, nikisema sipendi chumvi.

"Mimi mtoto wa pwani," nikasema. "Swali gani hilo?"

"Basi vizuri," akasema Nahodha. "Huyu bibi yuko mikononi mwako. Popote atakapokaa, nawe kaa karibu yake. Yule mama nitamtazama mimi."

Nikasema inshallah. Shangazi akanitazama, maana yeye ndiye mtu pekee duniani aliyejua. Hakusema kitu. Hata angesema, sidhani kama ningemwachia amalize.

Baharini

Njia nzima bahari ilikuwa shwari, na nawaambia hivi msije mkadhani yaliyotuponza ni mawimbi. Nahodha alikaa nyuma kwenye injini, mtu wake mmoja mbele akiangalia miamba. Alitukataza kusimama, tukakaa. Alitukataza kukaa upande mmoja, tukagawana.

Kilichonitesa kilikuwa harufu. Majaketi yale yalikuwa yamelala na nyavu, yananuka samaki, na jua lilipopanda harufu ikaamka. Nilinusa bega langu, nikausikia ule udi wote wa alfajiri umemezwa. Mama Hamidu naye akawa ananusa mkono wake.

"Shemeji," akanong'ona, "tutaingia ukweni twanuka ng'onda."

Nikafungua kamba moja. Papo hapo injini ikapunguzwa.

"Mzee, boti hii haiendi mtu akiwa amevua," akasema Nahodha, kwa upole uleule. Nikafunga. Lakini nilikuwa nimeudhika. Nilijiona nimekatazwa mbele ya wanawake, na toka hapo nilikuwa nangoja nafasi ya kumwonyesha Nahodha kwamba mimi si mtoto.

Tulikula mihogo ya kukaanga aliyotufungia yule mama wa chai, na Shangazi akatuhadithia alivyoolewa yeye, jinsi mshenga wake alivyosahau jina la bwana harusi. Nilicheka. Ilikuwa saa nzuri sana, na ndiyo inayoniuma zaidi nikiikumbuka.

Kwenye mtumbwi

Kama alivyosema Nahodha, tulikuta maji yametoka. Boti ikatia nanga nje, na kati yetu na ufukwe palikuwa na mkondo wa mto mdogo unaomwaga baharini. Mkondo huo si mpana, lakini katikati una kina na maji yake yalikuwa yanakimbilia nje. Mtumbwi uliletwa. Nahodha akatupa chaguo: tungoje ndani ya boti mpaka maji yarudi, au avushe watu wawili wawili, wamekaa chini kabisa, mikono kwenye kingo, majaketi yamefungwa.

Ng'ambo tuliwaona wakwe. Wanawake wamejipanga na leso zao za sare, dufu linapigwa, na mbele yao Mzee Bakari, baba wa binti, na kilemba chake cheupe.

Nikawaambia wanawake wangu wavue majaketi, nami nikavua langu.

"Hapo ndipo penye hatari yenyewe, mzee," akasema Nahodha.

"Hatua hamsini?" nikamjibu. "Watuone tumefungwa kama mizigo? Na bibi yupo nami, si ulisema mwenyewe? Kwani mimi si najua kuogelea?"

Hilo ndilo lililomnyamazisha. Si ubishi wangu wala joho. Ni kwamba aliniamini. Shangazi alisita na zile kamba.

"Saidi, mie niache nalo."

"Shangazi, utatuaibisha."

Akavua. Tangu utoto wangu sijapata kumwamuru kitu, na siku hiyo nilimwamuru, akatii. Nahodha akasema angalau alipakate, akalipakata.

Tukaingia sisi wawili. Mimi mbele, Shangazi katikati amekaa sakafuni, Nahodha nyuma amesimama na upondo wa kusukumia. Tukaenda vizuri. Tulipofika katikati ya mkondo, vigelegele vikapigwa, dufu likapanda, na Mzee Bakari akainua mkono.

Sasa nyinyi ni watu wa kwetu, mtanielewa, ingawa kuelewa si kusamehe. Mshenga hafiki ukweni kimya. Lazima apige hodi, na hodi ya mshenga haipigwi mtu amechutama kama anayefua nguo. Niliona kabisa kwamba nikifika nimekaa, nikaburuzwa mchangani, nikainuliwa kwa makwapa, nitakuwa kichekesho mpaka kwa wajukuu. Nikasimama.

"Kaa!" Nahodha akapiga kelele. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Mzee, kaa chini!"

Nikakunjua joho, nikaita, "Hodi! Hodi, wenyewe!"

"Karibu!" wakajibu wote kwa pamoja.

Na mtumbwi ukapinduka.

Kilichofuata nawaelezea kama nilivyokuja kuwaelezea watu wa Mkwaja. Kanzu ilinivuta chini na joho likanifunika uso. Nilimeza maji, nikapiga mikono ovyo. Mkono wangu ukagusa kitu laini kinachoelea, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Kilikuwa kimeshikwa upande wa pili. Nikavuta tena, kikaachiwa. Lilikuwa jaketi, na aliyeliachia alikuwa Shangazi. Nililikumbatia kifuani. Kichwa chake kilizama mbele yangu, nikaliona buibui limetanda juu ya maji, na sikunyoosha mkono.

Nahodha ndiye aliyepiga mbizi. Alimtoa mbali kidogo, mkondo ulikuwa umeshamchukua, akamgeuza uso juu, akamvuta mpaka mchangani huku watu wakiingia majini kumpokea. Mimi nilifika baada yao, nimeshika jaketi mkononi.

Mkwaja

Shangazi alitapika maji mengi. Kwa muda alilala kiubavu akikoroma, na nilipiga magoti pembeni yake nikisoma kila dua niliyofundishwa, nikizichanganya. Alipofungua macho, watu walimuuliza kama yuko salama. Akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mwanangu alikuwa nami."

Hakusema zaidi. Watu wakamalizia wenyewe. Si waliniona natoka majini na jaketi? Wakasema nilimshikilia mpaka Nahodha alipomfikia, na jaketi nilikuwa nampelekea. Wanawake wakapiga vigelegele upya. Mtu akanivua lile joho lililolowa na kunivika shuka kavu, mwingine akanikumbatia, na mwingine akaanza kuwapigia simu watu wa Tanga kuwahadithia. Na Mzee Bakari akamgeukia Nahodha, ambaye alikuwa amekaa mchangani anahema.

"We nahodha gani, wapakia watu bila majaketi? Kama si huyu mwungwana, ungetuulia mtu leo!"

Nahodha alinitazama. Aliningoja, nadhani, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu au nne. Kisha akainuka akaenda kuufuata mtumbwi wake, kwa sababu Mama Hamidu alikuwa bado yuko botini analia, na sanduku liko huko. Alimleta akiwa amefungwa jaketi, na hakuna aliyelinusa.

Chakula kilikuwa wali wa nazi, pweza wa mchuzi mzito, kuku, na bada ya muhogo kwa anayependa. Nilipewa sehemu ya juu ya jamvi. Nilikula. Nataka mjue hilo pia, kwamba nilikula nikashiba, na kila niliposifiwa nilisema "Ah, ni Mungu tu," kwa ile sauti ya mtu anayetaka asifiwe zaidi. Shangazi alikuwa amelazwa chumba cha wanawake. Nahodha alikula nje na mtu wake.

Baada ya chakula Mzee Bakari akaniomba neno la faragha. Akaingia ndani, akatoka anamwongoza mama yake mzazi, kikongwe mwembamba mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili.

"Bwana Saidi," akasema, "huyu mama aitwa Tanga hospitali, akatibiwe macho. Nimemkatalia boti tangu mwezi uliopita, kwa woga. Leo nimeona kwa macho yangu. Kesho atapanda nanyi, akae na wewe. Akiwa na wewe, mie nitalala usingizi."

Yule bibi alinyoosha mkono akautafuta wangu hewani, akaupata, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Ndo wewe?" akaniuliza. "Mwenyezi Mungu akuweke, baba."

Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Nilijaribu kutafuta udhuru. Nilifikiria kusema naumwa, au kwamba nitabaki Mkwaja siku mbili. Nilitafuta kweli, ndugu zangu. Lakini alikuwa hauachii mkono wangu, na mimi nilikuwa nimejua asubuhi ile mkono wangu unafanya nini majini.

"Mama," nikasema, "mimi sijui kuogelea."

Mzee Bakari alidhani ni unyenyekevu, akatabasamu. Ikabidi niseme yote, na nikaomba Nahodha aitwe ili niseme mbele yake: kwamba majaketi alitupa na kutufunga mwenyewe, kwamba niliyewavua ni mimi, kwamba nilisimama akinikataza, kwamba jaketi nililotoka nalo nilimnyang'anya Shangazi, na aliyemtoa ni yeye. Yule bibi aliuachia mkono wangu mahali fulani katikati ya maneno hayo. Sikumbuki wapi.

 Mzee Bakari kwanza alimwomba Nahodha radhi. Halafu akaniambia bila kelele, "Mahari tumepokea na neno tumeshatoa, kijana hana kosa. Lakini nikahi ipangwe na bibi Riziki. Mshenga tutafutieni mwingine. Siwezi kumtoa mwanangu kwa mdomo ulokaa mchana kutwa na jambo kama hilo."

Nilimfuata Nahodha nje nikamwomba msamaha. Alikuwa anaanika zile kamba.

"Mie sikukuuliza ili nikuaibishe, mzee," akasema. "Watu wangu wengi hawajui kuogelea. Nauliza nijue nikukalishe wapi."

Kurudi kwa barabara

Asubuhi maji yalikuwa yamejaa, boti ikasogea karibu kabisa. Niliwaona wakipanda: Mama Hamidu, Shangazi, na yule bibi wa macho, wote watatu wamefungwa majaketi juu ya mabuibui. Nahodha aliwakalisha Shangazi na yule bibi pamoja karibu yake, akavuta kamba zao moja moja. Nafasi yangu ilikuwepo. Hakuna aliyenifukuza. Nilishindwa kuingia.

Nilirudi kwa bodaboda, siku mbili. Matope yalikuwa mpaka magotini, mara tatu nilishuka kusukuma, na usiku nililala kwa watu nisiowajua, wakanipa uji na hawakuniuliza kitu. Dereva aliniuliza kwa nini sikupanda boti na watu wangu. Nikamwambia naogopa maji. Lilikuwa jibu rahisi sana kutamka, nikashangaa kwa nini pale Pangani lilinishinda.

Ngamiani

Nilikaa siku tatu kabla ya kwenda kwa Shangazi. Alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele, kifua bado kinamkereketa. Nikapiga shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea mkeka. Mama Hamidu alikuwa ameshamweleza yote niliyoyasema kule.

Nikamwambia, "Shangazi, nisamehe. Nilichanganyikiwa. Joho lilinifunika uso, sikujua kama ni wewe uliyeshika upande wa pili."

Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Kusamehe nimesamehe, Saidi," akasema. "Lakini joho lilikuwa limeshakutoka usoni. Tulitazamana."

Nilitaka kubisha. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikamwambia, "Naam, Shangazi. Tulitazamana."